Maumbile Hayako Mbugani Tu



Nimeombwa nizungumzie njia nyepesi za kuwa karibu na maumbile. Ukimtajia mkazi wa Dar es Salaam jambo hili, mara nyingi mawazo yake hukimbilia Serengeti, Ngorongoro au kilele cha Kilimanjaro. Kisha hupiga hesabu ya nauli, kiingilio na siku za likizo, na mazungumzo huishia hapo. Sina ugomvi na mbuga zetu. Nawaombea wote mfike. Lakini mtu aliyemwona simba mara moja maishani, na asiujue mti unaomkinga na jua kituoni kila asubuhi, amekuwa mgeni kotekote: mgeni kule mbugani, mgeni hapa kwake.

Hoja yangu ni moja. Mtu huwa karibu na maumbile kwa kurudi palepale, mara kwa mara, huku akitazama kwa makini, mpaka mahali pale pawe na historia kichwani mwake. Kwa hiyo nitakayoyapendekeza leo hayahitaji gari wala tiketi. Yanahitaji daftari dogo, kalamu, na zile dakika ambazo tayari tunazitumia kusubiri daladala. Nitaanza na upepo na anga, nije kwenye bahari, kisha mti, kisha ndege. Mwisho nitaeleza kwa nini mambo haya yanayoonekana madogo yanatuhusu sisi kama raia.

Upepo na anga

Pwani yetu imejengwa na pepo mbili. Kaskazi hushika tangu Desemba hadi Machi, na joto lake. Huo ndio upepo uliosukuma majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi mpaka Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Masika yakiingia upepo hulegea, ukapinduka. Kusi ikashika Aprili au Mei na kuendelea hadi Septemba, na kwa upepo huo majahazi yalirudi kwao. Ndani ya kusi kuna kipupwe, Juni hadi Agosti, siku ambazo hata Manzese mtu hutafuta shuka usiku. Baadaye huja demani, bahari ikatulia kidogo, halafu vuli na mvua zake fupi. Wavuvi wa Kunduchi na Kigamboni bado wanaishi kwa kalenda hii, kwa sababu kwao kukosea upepo ni kukosa riziki, pengine kukosa uhai. Wengi wetu tumebaki na kalenda ya ukutani tu.

Kuirudia kalenda ya upepo ni kazi ya dakika moja kwa siku. Tazama moshi wa mama lishe, bendera ya shule, au makuti ya mnazi uone yanalalia wapi. Ila tazama alasiri, kama saa kumi hivi. Asubuhi na mapema huwa kuna upepo mwanana unaotoka bara kwenda baharini, nao huweza kukupoteza. Andika neno moja tu kwenye daftari: kaskazi, kusi, matlai, au shwari. Mwezi wa Machi kuelekea Aprili utaona maneno yanaanza kuchanganyika, leo hivi, kesho vile. Halafu moshi uliokuwa ukielekea kusini utaanza kuelekea kaskazini. Siku hiyo utakuwa umeyaona majira yakigeuka kwa macho yako mwenyewe, bila kusubiri taarifa ya habari.

Usiku mnacho Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota kilichobanana, ambacho mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msiuchukue msemo huu kama pambo. Uchunguzeni. Kuanzia mwishoni mwa Aprili, Kilimia huzama magharibi mara tu baada ya jua kuzama, kikapotea wiki kadhaa, masika yakiwa yamepamba moto. Mwezi wa Juni huonekana tena mashariki, alfajiri, kabla jua halijachomoza, na wakati huo mvua kubwa zimekwisha. Mwenye kuamkia sala ya alfajiri au kuwahi basi la saa kumi na moja anaweza kuuthibitisha msemo huu mwaka huu huu, akiwa amesimama mlangoni kwake.

Bahari na saa zake

Watu wengi wa mjini huenda ufukweni Jumapili jioni, wakayakuta maji yalipo, wakaridhika. Wachache hujiuliza kwa nini leo yako pale na wiki iliyopita yalikuwa kwingine.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na dakika kama 50. Hizo dakika 50 za ziada ndizo ufunguo. Maana yake ni kwamba ukiyakuta yamejaa leo saa kumi jioni, kesho yatajaa karibu na saa kumi na moja. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, likaja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa kwetu tofauti ya juu na chini huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana, yakaja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Sasa jambo zuri ni hili. Katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja, bamvua huwa na saa zake. Siku za mwezi mpevu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo maana akina mama wa mwani kule Paje na Jambiani hupanga kazi zao kwa mwezi, kwa kuwa mashamba yao hufikika vizuri siku za bamvua. Nendeni ufuko uleule saa nne asubuhi siku ya mwezi mpevu: bahari imekimbia mbali, imeacha mchanga, majani ya bahari na vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo. Rudini saa ileile baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu: maji yapo karibu na miguu yenu. Ni ufuko uleule na saa ileile. Mtoto wa miaka minane akionyeshwa jambo hilo mara mbili, hatasahau kwamba mwezi una kazi.

Mkiwa huko, ingieni kwenye mikoko panapofikika. Tafuteni mchu, ule wenye mizizi inayochomoza topeni kama vijiti. Chukueni jani moja, mligeuze, mliguse kwa ulimi. Lina chumvi. Mti huu hunywa maji ya bahari, kisha hutoa chumvi iliyozidi kupitia majani yake, na siku ya jua kali mnaweza kuiona imeganda, punje ndogondogo nyeupe. Mwanafunzi anaweza kukariri darasani kwamba mikoko huvumilia chumvi. Aliyelionja jani amekwisha kuelewa.

Mti mmoja

Ushauri wangu wa tatu ni kuchagua mti mmoja. Usichague msitu. Chagua mti mmoja unaoupita kila siku, uufuatilie mwaka mzima.

Miji yetu ina miti yenye mengi ya kuonyesha. Mkungu hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla hayajadondoka, na mara nyingi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Usiku popo hubeba kungu zake na kuzimwaga barabarani. Mwembe hutoa maua wakati wa kipupwe, na kuyaona maua ni kujua embe za mwisho wa mwaka zitakuwa nyingi au haba. Mkrismasi huwaka mwekundu Novemba na Desemba. Asili yake ni Madagascar, kama ambavyo mwarobaini ulitoka Bara Hindi, lakini leo nani atathubutu kuwaita wageni? Mbuyu ni wa kwetu tangu zamani, na una tamasha ambalo wachache wamelihudhuria. Katika msimu wa maua, jua linapozama, ua lake kubwa jeupe hufunguka kwa kasi ambayo jicho linaweza kuifuata. Usiku popo huja kufuata asali yake na kulichavusha, na kabla ya siku ya pili kuisha limekwisha kunyauka. Oysterbay na Msasani kuna mibuyu mingi kandokando ya barabara. Watu hukwama chini yake kwenye foleni, vichwa vimeinama kwenye simu, ua likifunguka juu yao.

Andikeni tarehe: jani la kwanza kugeuka, ua la kwanza, tunda la kwanza, mvua ya kwanza iliyofuata. Asiye na mti karibu anaweza kupanda mchicha au matembele kwenye gunia uani. Atajifunza yaleyale kwa muda mfupi zaidi, na atapata mboga.

Ndege wa mtaani

Jambo la nne ni ndege, kwa sababu wao hutufuata hata pasipo na miti.

Tuanze na tusiyempenda. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 asaidie kusafisha takataka. Alisambaa pwani nzima, na kwa kuwa hula mayai na makinda ya ndege wadogo, pale alipozidi wengine wamepungua. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, amesukumwa nje ya sehemu nyingi za miji ya pwani. Kwa hiyo anayetazama juu ya jalala na kuweza kuwatofautisha kunguru hawa wawili tayari anasoma ukurasa wa historia ya mji wake.

Sasa mtazameni mnana, yule ndege wa manjano anayening'iniza viota kwenye minazi na michongoma. Dume ndiye fundi. Hutua kwenye jani la mnazi, akalikata kidogo ukingoni kwa mdomo, akauma pale alipokata, kisha akaruka. Ukamba mwembamba wa jani hufuatana naye. Kwa ukamba huo hufunga fundo kwenye kitawi, akaongeza mwingine na mwingine mpaka ipatikane pete ambayo yeye mwenyewe husimama ndani yake. Kuanzia hapo hafumi ila kwa urefu wa mdomo wake: mbele chumba, nyuma mlango. Akimaliza hujining'iniza chini ya kiota, akapigapiga mabawa na kupiga kelele. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kukagua. Akikataa huondoka. Kiota kikikauka na kugeuka rangi ya kahawia bila kupata mwenyeji, dume hukibomoa na kuanza kingine kibichi mahali palepale. Haya yote hutokea nje ya madarasa yetu, saa za masomo. Mwalimu wa sayansi anayewatoa wanafunzi nje kwa robo saa wakaangalie hajapoteza kipindi.

Halafu kuna wasafiri. Mbayuwayu kutoka Ulaya huanza kuonekana karibu na Oktoba na huondoka kufikia Aprili. Kwenye tope la ufuko maji yanapokupwa, vitwitwi hukimbia mbele ya wimbi wakidonoa, na miongoni mwao wamo waliozaliwa kwenye nyika za baridi kali za Siberia. Ndege mdogo mwepesi amevuka mabara kuja kula kwenye tope tunalotupia mifuko ya takataka. Andika tarehe ya mbayuwayu wa kwanza unayemwona. Mwakani utaisubiri.

Afya, na mipaka ya ushahidi

Wapo watakaouliza: yote haya yananipa nini? Swali ni la haki, na ushahidi upo, ingawa usitiwe chumvi.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo, jozi kwa jozi. Nusu yao walikuwa na dirisha linalotazama miti, nusu nyingine linatazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza waliwachunguza watu karibu 20,000 na kukuta kwamba waliokaa katika maeneo ya asili walau dakika 120 kwa wiki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na maisha ya kuridhisha. Haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za safari moja au zimegawanywa siku mbalimbali. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba miti ndiyo sababu. Huenda wenye afya ndio hutoka zaidi. Lakini dakika 120 kwa wiki ni kama 17 kwa siku, na hakuna daktari atakayekukataza.

Pia nasikia pingamizi jingine, na hili ni zito zaidi. Mama anayeamka saa tisa usiku kuwahi sokoni, akarudi saa mbili usiku, tumwambie atazame nyota? Jibu langu ni kwamba huyo mama mara nyingi anajua zaidi yetu: anajua mvua ikichelewa wiki mbili nyanya zitapanda bei, na anajua chungwa la Muheza likiingia sokoni msimu umefika wapi. Tumuulize, tuandike anayoyasema. Na pale ambapo mtaa hauna mti hata mmoja, au mwanamke anaogopa kupita kwenye uwanja jioni kwa sababu hauna taa, tusimlaumu kwamba hana ukaribu na maumbile. Hilo ni suala la mipango miji, nalo linanipeleka kwenye sehemu yangu ya mwisho.

Daftari na uraia

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jambo ambalo kila mzee wa pwani anaweza kulishuhudia. Kila kizazi huchukua hali kiliyoikuta mwanzoni kuwa ndiyo hali ya kawaida. Babu alivua samaki wengi, baba akavua wachache akaona ndio kawaida, mjukuu akavua wachache zaidi, naye akaona ndio kawaida. Bahari hupungukiwa bila mtu kulia, kwa sababu hakuna aliyeandika. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza daftari. Kumbukumbu zetu hukubali hasara kimyakimya. Tarehe iliyoandikwa haikubali.

Tazameni maisha ya Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya. Dunia humkumbuka kwa Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977, kwa kuzuia jengo refu katika Uhuru Park mwaka 1989, kwa kusimama mbele ya waliotaka kuugawa msitu wa Karura mwaka 1999, na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Lakini alipoandika maisha yake alianza mbali: mti wa mugumo uliokuwa karibu na nyumbani kwao, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na kijito alichochezea mayai ya vyura akiwa mtoto. Aliporudi akiwa mtu mzima akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka, alijua kilichopotea kwa sababu alikuwa amekifahamu kwa karibu. Mtu hawezi kutetea kilichompita bila kukiona.

Nasi tunavyo vya kutetea. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa mwaka 1893, na eneo lake leo ni dogo kuliko lilivyokuwa. Msitu wa Pugu uko mwendo wa asubuhi moja kutoka Kariakoo, na shoka la wachoma mkaa limeuandama miaka mingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inataka maoni ya wananchi yasikilizwe katika tathmini ya athari kwa mazingira kabla miradi mikubwa haijaanza. Haki hiyo hutumiwa na mtu mwenye la kusema. Katika mkutano wa mtaa, anayesema "tunapenda mazingira" hujibiwa kwa tabasamu. Anayesema "kwenye mikoko hii nimeandika vitwitwi kila Novemba kwa miaka sita, na maji ya bamvua hufika hapa unapotaka kujenga" hana budi kujibiwa kwa hoja.

Kwa hiyo naomba kila mmoja wenu afanye jambo moja kabla ya mwezi mpevu ujao: achague sehemu moja, iwe mti, kituo cha daladala, kipande cha ufuko au dirisha la darasa, na aandike mstari wa kwanza wenye tarehe. Walimu, fanyeni hivyo na darasa zima, na daftari libaki shuleni wanafunzi wanapohitimu, ili darasa linalofuata liendelee lilipoishia. Wenyeviti wa mitaa, siku ramani ya kiwanja cha wazi itakapoletwa mezani, waiteni hao watoto na madaftari yao, wapewe nafasi ya kwanza kuzungumza.